Nesi Anaporudi Nyumbani

Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na choo kimoja, iwe Majengo au Kisauni huku Mombasa, kazi ya mtu haifichiki. Kila mpangaji anajua kuwa wa chumba cha tatu ni nesi, anajua siku zake za zamu ya usiku, na anajua sare yake huanikwa kamba ipi. Siku za kawaida hiyo ni neema, kwa kuwa mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, mlango wa kwanza kugongwa ni huo. Redio ikitangaza Ebola Uganda au Marburg Rwanda, mambo hugeuka. Ndoo yake husogezwa mbali na nyingine. Watoto huitwa ndani akipita. Mwenye nyumba naye huja na maneno ya mzunguko: "Mwanangu, si kwa ubaya, lakini mwezi ujao hicho chumba nitakihitaji, nina wageni wangu kutoka Lamu."

Sisi tunaofanya kazi ya kuzuia maambukizi hospitalini hatuwacheki wanaoogopa. Hofu yao ina msingi. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mhudumu wa afya alikuwa na uwezekano wa kuambukizwa mara 21 hadi 32 kuliko mtu mzima wa kawaida. Marburg ilipozuka Rwanda Septemba 2024, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Uganda ilipotangaza Ebola aina ya Sudan tarehe 30 Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi, na kabla ya kufariki alikuwa ameshapita vituo kadhaa vya afya na kwa mganga wa kienyeji. Kwa hivyo anayesema "hawa wa hospitali wanaweza kutuletea" hajakosea. Anapokosea ni saa na mahali. Anamwogopa nesi aliyetoka wodini akiwa amevaa mavazi ya kinga, ameyavua na amenawa kwa utaratibu, akiwa hana homa. Wa kuogopwa ni mgonjwa ambaye bado hakuna aliyejua anaumwa nini, na mhudumu mwenye homa anayeificha.

Tuanze na virusi wenyewe. Ebola na Marburg hupita kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, mkojo, mate, jasho, maziwa ya mama, shahawa. Kutoka siku mtu alipoambukizwa hadi dalili ya kwanza ni kati ya siku 2 na 21, na katika kipindi hicho, madhali hana dalili, hamwambukizi mtu. Dalili zikianza, virusi bado ni wachache mwilini. Kila siku huongezeka, na kufikia siku za kuhara na kutapika kwa wingi, na hasa baada ya kifo, mwili huwa umejaa. Mfano tunaopenda kuutumia ni wa Dallas, Marekani, 2014. Thomas Eric Duncan alitoka Liberia akiwa mzima, akaanza kuumwa siku chache baada ya kufika, akaenda hospitali tarehe 25 Septemba akarudishwa nyumbani, kisha akachukuliwa na ambulensi tarehe 28. Aliokaa nao nyumba moja siku hizo za mwanzo, hakuna hata mmoja aliyeugua. Walioambukizwa ni wauguzi wawili waliomhudumia hospitalini alipokuwa amezidiwa. Hatari ilikuwa kitandani, siku za mwisho.

Ndiyo maana dakika kumi za kwanza pale kasualti ni muhimu kuliko mengi yanayotazamwa. Mombasa ni mji wa homa. Malaria ipo, dengi ipo, na chikungunya tuliiona ikiangusha mitaa mizima mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018. Ebola ikianza hufanana nazo zote: joto, kichwa, viungo, uchovu, halafu tumbo. Ile damu kutoka machoni na puani ambayo watu huitazamia ni ya wachache, tena huchelewa. Nesi anayesubiri damu ndipo ashuku, atakuwa ameshamgusa mgonjwa mara ishirini bila glavu.

Kwa hivyo swali hutangulia mkono. Mgonjwa wa homa akiingia, aulizwe akiwa amesimama hatua moja na zaidi mbali: siku 21 zilizopita ulikuwa wapi? Umemuuguza mtu, umeosha maiti, umezika? Unafanya kazi gani? Mji huu una madereva wa malori. Kutoka Malaba, mpakani na Uganda, hadi bandari ya Kilindini ni kilomita 900 na ushei, na dereva aliyepakia Kampala anaweza kuwa Miritini au Jomvu kabla homa haijamwanza. Ukimuuliza "umesafiri?" atakujibu la, maana kwake hiyo ni kazi tu. Muulize "safari yako ya mwisho ulishusha mzigo wapi?" Jibu litakuja na jina la mji.

Majibu yakitia shaka, mgonjwa huingizwa chumba cha peke yake chenye choo au ndoo yenye kifuniko, na watu wanaoingia huhesabiwa na kuandikwa. Damu haitolewi ovyo ovyo kwa vipimo vya kawaida. Sampuli ya kuthibitisha hufungwa tabaka tatu: chupa yenyewe, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya majimaji, kisha kasha gumu la nje. Na hapa kuna mtego uliowahi kuwaponza wengi: kipimo kilichochukuliwa ndani ya saa 72 za kwanza za dalili kinaweza kusema hana, kumbe anao. Lazima kirudiwe baada ya saa hizo. Anayemtoa mgonjwa kwa karatasi ya siku ya kwanza amejidanganya.

Bunduki ya kupima joto pale uwanja wa ndege au mpakani ina faida yake, lakini isibebeshwe zaidi ya uwezo. Haimwoni aliyeambukizwa juzi, wala haimwoni aliyemeza panadol saa mbili kabla ya kufika dirishani.

Sasa mavazi. Raia wengi wakiona picha za watu waliojifunika mwili mzima hudhani ulinzi uko katika kuvaa. Kuvaa ni kazi nyepesi. Watu huambukizwa wakivua. Nje ya vazi ndiko kuliko na uchafu, na mtu anayevua amechoka, amelowa jasho, miwani imefunga ukungu, na kitu anachokitaka kuliko vyote ni kupangusa uso. Kwa joto la Mombasa, mwezi wa Februari kaskazi ikivuma, dakika 40 ndani ya ovaroli isiyopitisha maji ni nyingi. Saa moja ndio mwisho kabisa. Anayekaa zaidi ya hapo kwa kujitia ushujaa huanza kusahau hatua, na huko hatua iliyosahauliwa haifidiki.

Mpangilio ni huu, na hauvuliwi peke yako. Mwenzako husimama mbele yako akisoma hatua kwa sauti, nawe hufanyi inayofuata hadi aiseme. Kwanza unasafisha mikono ukiwa na glavu. Aproni hutoka kwa kuinama mbele, ikikunjwa upande wa nje uende ndani. Mikono tena. Glavu za juu hutoka. Mikono. Kifuniko cha kichwa hushikwa nyuma. Ovaroli hufunguliwa zipu ukitazama kioo ili kidevu kisiguswe, halafu inakunjuliwa kuelekea chini, ndani ikigeuka nje, hadi kwenye buti. Mikono. Miwani huvuliwa kwa kuvuta mkanda wa nyuma, macho yamefumbwa. Mikono. Barakoa: kamba ya chini kwanza, kisha ya juu, bila kugusa mbele. Mikono. Gambuti hutoka bila kushikwa. Mwisho glavu za ndani, kisha unanawa mikono mitupu. Ukihesabu vizuri, mikono imesafishwa mara saba au nane, na shughuli nzima imechukua robo saa na zaidi. Mtu akikuambia anavua kwa dakika tano, huyo jirani ana haki ya kumwogopa.

Yanayoharibika ni madogo madogo. Pini za mtandio hutoboa kifuniko cha kichwa. Afadhali mtandio wa kuvuta usio na pini, uchomekwe ndani ya sare kabla ya ovaroli. Kucha za bandia hupasua glavu, na pete pia. Saa ya mkononi huvuta mkono wa ovaroli juu, ngozi ikabaki wazi kwa upana wa vidole viwili. Simu, ambayo kila mtu huapa hakuingia nayo, huonekana mfukoni ikilia. Na sindano: kurudisha kifuniko chake baada ya kuitumia ni kosa la zamani ambalo halijaisha, na kasha la sindano likishafika robo tatu lifungwe, lisishindiliwe.

Kosa kubwa zaidi lakini ni huruma ya ghafla. Dakta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, ndiye aliyeongoza vita dhidi ya Ebola kule Uganda mwaka 2000. Usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa akitoka damu, akavaa vingine vyote akaacha kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Alikuwa anajua kila hatua, mwalimu wa wengine. Hilo huwa gumu kuwaeleza wanafunzi: kwamba ukiwa hujavaa kikamilifu, mgonjwa anaanguka mbele yako, na wewe unasimama kwanza kuvaa.

Dawa ya kusafishia ni klorini, na hapa nyumba na hospitali hukutana, maana wengi huanza kununua Jik kwa katoni. Kuna nguvu mbili za kujua. Asilimia 0.5 ni ya vitu: sakafu, vitanda, ndoo za matapishi, glavu zilizovaliwa. Asilimia 0.05 ni ya mikono mitupu pale ambapo hakuna sabuni na maji wala spiriti ya mikono. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji hutoa 0.5. Kisha kikombe 1 cha mchanganyiko huo kwa vikombe 9 vya maji hutoa 0.05. Chupa ikiwa na nguvu nyingine, gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1. Jibu ni idadi ya vikombe vya maji kwa kila kikombe cha dawa. Klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 ni vijiko 10 vya mezani vilivyosawazishwa kwa ndoo ya lita 20 ili kupata 0.5, ikorogwe na kuachwa itulie nusu saa.

Mchanganyiko hukaa siku moja tu. Jua na joto huiua klorini, na chupa iliyokaa wiki tatu kwenye rafu ya kiosk ikipigwa na jua la mchana huenda imebaki harufu tu. Tena klorini hushindwa na uchafu: ukiimwaga juu ya matapishi na kupangusa papo hapo, umeipoteza. Funika kwanza kwa kitambaa cha kutupa, mimina dawa ya 0.5 hadi kilowe, subiri robo saa, ondoa, osha kwa sabuni na maji, kisha paka dawa tena. Usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa inayochoma mapafu. Na usimpulizie mtu. Kile kibanda cha kupitisha watu chini ya manyunyu, tulichokiona mitaani wakati wa korona, kinaumiza macho na ngozi, na ngozi iliyopasuka ndiyo mlango virusi wanaoutafuta. Kuna wanaoogea Jik. Waache tabia hiyo.

Nesi anapotoka zamu, sare haitoki naye ikiwa mwilini. Huivua kazini. Hospitali yenye dobi wake haimruhusu aibebe. Ile isiyo na dobi, basi iende katika mfuko wa plastiki uliofungwa, iloweshwe peke yake kwa sabuni na maji moto, ianikwe juani, ipigwe pasi. Viatu vya wodini hubaki wodini. Simu hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70. Anaoga, anavaa dera au suruali yake, anapanda matatu au feri ya Likoni kama wewe. Wa namna hiyo, asiye na homa, unaweza kunywa naye chai kwenye kikombe chako. Hatusemi hivyo kwa kila ugonjwa. Surua, korona na kifua kikuu hupita hewani, na korona mtu huweza kuitoa kabla ya kujua anaumwa. Hofu ya 2020, Mji wa Kale ulipofungwa mwezi wa Mei, ilikuwa na hesabu tofauti kabisa. Kuchanganya korona na Ebola ndiko kulikofanya watu wengi wadhani Ebola hukaa kwenye nguzo ya matatu ikimsubiri abiria.

Mhudumu aliyemgusa mgonjwa aliyethibitishwa huingizwa katika ufuatiliaji wa siku 21. Zinahesabiwa kutoka mara ya mwisho alipomgusa mgonjwa au vitu vyake, kwa hivyo anayeendelea na zamu wodini hesabu yake huanza upya kila siku. Kama glavu ilipasuka, sindano ilimchoma au majimaji yalimrukia machoni, huondolewa kazini papo hapo. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji mengi bila kukamuliwa, jicho husuuzwa kwa maji safi, wala hamna kutia Jik. Joto hupimwa asubuhi na jioni kwa kipimajoto kile kile, kabla ya chai ya moto, bila panadol. Ikifika nyuzi 38, hatoki. Hapandi tuktuk, hapiti kwa duka la dawa, haendi kwa shangazi yake Changamwe. Anakaa chumbani, anapiga simu, anangojea gari lililoandaliwa. Mpaka lifike, mtu mmoja tu ndiye amshughulikie, tena kwa kumwekea mlangoni: maji ya chumvi chumvi ya paketi, ndoo yenye kifuniko na dawa ya 0.5 chini, mfuko wa taka.

Chanjo ipo lakini si kwa zote. Ervebo hukinga Ebola aina ya Zaire. Ile ya Sudan iliyoingia Uganda 2022 na 2025, na Marburg, hazina chanjo iliyoidhinishwa.

Kuna watu ambao hawaitwi wahudumu wa afya na hatari yao ni sawa au zaidi. Mwosha maiti ni wa kwanza. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola hauoshwi nyumbani wala msikitini. Utaratibu wa mazishi salama wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu tayamamu, yaani kutwaharisha kwa mchanga safi, pale maji yasipowezekana, ikifanywa na aliyefunzwa na kuvaa kinga, kisha mfuko ukazikwa bila kufunguliwa. Jambo hilo lizungumzwe na maimamu mapema, kukiwa shwari. Ukienda kulieleza mbele ya jeneza, kwa watu wenye msiba, utafukuzwa, na utakuwa umestahili.

Wa pili ni wasafishaji. Wengi ni vibarua wa kampuni, hulipwa kwa siku, na ndio wanaomwaga ndoo na kufua mashuka. Daktari akiambiwa akae nyumbani siku 21, mshahara unaingia. Mama huyu akiambiwa hivyo, chungu hakipandi jikoni. Akihisi kichwa kinagonga, ana vitu viwili vya kuogopa, kodi na mwenye nyumba, na dawa ya vyote viwili ni panadol mbili na kwenda kazini. Hospitali inayotengeneza orodha ya waliomgusa mgonjwa na kuanza na madaktari imeanza mwisho. Orodha ianze na aliyefua, aliyemwaga, aliyelinda mlango, aliyeendesha ambulensi, na mbele ya kila jina iandikwe ni nani atakayemlipa siku hizo 21, na kiasi gani. Mstari ukiwa mtupu hapo, mtu huyo mmhesabu kuwa hafuatiliwi.

Jirani naye ana sehemu yake, ndogo lakini ya maana. Sinia liwekwe kizingitini, hodi ipigwe, aliyepiga arudi nyuma. Vyombo vibaki kwa huyo anayefuatiliwa hadi siku 21 zitimie, asitoke navyo bombani. Choo cha pamoja, kama hana homa wala kuhara, atumie. Dalili ya kwanza ikitokea, ndoo ya chumbani. Na mwenye nyumba akitaka kweli kujikinga, amwambie mpangaji wake leo, kabla ya homa yoyote, kwamba kodi ya mwezi huo itasubiri.